Ngozi Iliyokataa Kukauka

Vijana wangu wa machinjioni,

Juzi mlikuja hapa nyumbani na simu zenu, mkataka niwaeleze namna ya kuwamba ngozi huku mnanipiga picha. Nikawafukuza. Msikasirike. Nikizungumza mnanikatiza, na mkinikatiza nasahau nilikuwa wapi. Kwa hiyo nimeandika. Yule mwenye mdomo mrefu ndiye asome kwa sauti, angalau kwa muda huo hatauliza maswali.

Nilifanya kazi kwenye banda la ngozi la kijiji chetu, upande wa Kisaka, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu walihamishwa kutoka kila upande wakajengewa mstari mmoja wa nyumba: Waikoma, sisi Wanata, na Wakurya wengi waliotoka Tarime na ng'ombe wao. Kikurya nilikiokota humo bandani, na bado wakinisikia wanacheka.

Tuanze na kazi, maana ndiyo mliyoniulizia. Ngozi haiharibikii kwangu, inaharibikia mikononi mwenu ninyi wachunaji. Ukishapasua kifua na miguu, weka kisu pembeni utumie ngumi. Ngumi haitoboi. Mnyama akiwa bado na joto ngozi inaachia yenyewe, lakini ninyi mna haraka, mnakatakata kama mnamenya viazi. Ikitoboka, ishone palepale ingali mbichi, mshono mfupi mfupi unaopita chini ya nyama, la sivyo tundu la ukucha litakuwa la ngumi ikishakauka. Na usiivute mno kwenye fremu. Mimi nilipoanza niliivuta moja kwa nguvu zangu zote za ujana, mchana wa jua ikapasuka katikati kwa mlio mkubwa, mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mzee Zakaria aliyenifundisha kazi akaja akaitazama, akasema, "Wambura, nilikuambia uwambe ngozi, sikukutuma uwambe mbingu."

Ni yeye pia aliyenifundisha kusikiliza. Ngozi inagongwa kwa ukucha. Ikiwa na maji ndani inajibu du. Ikikauka inajibu ta. Macho yanadanganywa na kivuli, pua inadanganywa na uvundo wa banda zima, lakini ukucha haudanganywi. Upepo ukivuma zile kavu zilikuwa zinapiga fremu zote pamoja, banda linaongea, na wanawake waliokwenda kisimani walizunguka mbali. Mimi sikuwahi kuliogopa. Niliziogopa kelele zile siku moja moja tu, pale nilipogundua kwamba katika kundi zima kuna moja isiyopiga.

Hiyo ndiyo nitakayowaambia.

Kijiji kilikuwa na dume jekundu lenye baka jeupe begani, tuliloletewa na serikali kuboresha mbegu. Watu waliliita Azimio. Mwenyekiti wa kijiji hakulipenda jina hilo, maana wiki haipiti mtu hajasimama mkutanoni akasema, "Ndugu Mwenyekiti, Azimio limevunja uzio tena." Lakini alikuwa dume wa fahari, na kila nyumba ilijiona ina hisa katika nundu yake.

Akaibiwa. Nyayo zilifuatwa mpaka barabara ya changarawe zikapotea. Baadaye ngozi yake ikapatikana imekunjwa ndani ya stoo ya kanisa, chini ya mikeka, ingali mbichi.

Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo na nyasi, na stoo haikuwa na kufuli. Aliyelitunza ni katekista, Petro, Mkurya aliyehamia kutoka upande wa Matongo na mke wake na mtoto mchanga. Mtu mtaratibu, mwenye kigugumizi kidogo ambacho kilimwacha akisali. Mgambo walimkamata siku hiyohiyo.

Nikaitwa kuitambua ngozi. Ilikuwa ya Azimio, lile baka jeupe halina ndugu. Nikasema na lingine: ngozi hii imechunwa na mtu wa kazi, haina hata mkwaruzo, na Petro hata kuku anamchinja vibaya. Mzee mmoja akanijibu, "Wewe ni fundi wa ngozi. Watu tuachie sisi."

Wazee wa Kikurya hawakutaka kungoja mahakama. Walikuwa na baraza lao, wanaliita iritongo, na ndani yake kiapo chao. Mzee Magige, aliyekishika, akaniagiza nikate ukanda kutoka ukingo wa ngozi ya Azimio, niugawe kuwa pete. Nilizikata pana, kwa kuwa ngozi mbichi ikikauka inabana. Kila mwanaume wa Kikurya pale kijijini aliitwa mbele, akavishwa pete kwenye kidole cha kati, akasema, "Kama namjua aliyemla dume huyu, nyumba yangu iliwe na ngozi hii." Kisha unakwenda nayo kwenye shughuli zako. Kwa mtu safi, pete inakauka, inapasuka, inaanguka yenyewe baada ya wiki chache, naye anampelekea Magige aitupe mtoni.

Wakaapa wote. Akaapa na Marwa, mchunaji wetu wa bandani, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona, aliyekuwa ameoa karibuni. Akaja Petro. Akaitazama ile pete kwa muda.

"Nimeshasema sikumchukua," alisema. "Kwa Mungu nimeshasema pia. Sina neno jingine la kuongeza juu ya hilo."

"Vaa tu, mura," Magige akamwambia kwa upole, kama mtu anayemwambia kijana wake. "Kama huna kitu, itaanguka."

"Siivai, Tata," akamjibu kama anayemjibu babake. "Kanisani kwetu hatuapi hivyo."

Nawaambieni, uwanja mzima ulishusha pumzi. Kwa wale wazee, mtu anayekataa pete ameshajibu. Hakuna aliyemchukia, walimsikitikia kama unavyomsikitikia mtu aliyekiri. Mashahidi walikwenda mahakamani na moyo mweupe kabisa wakasema Petro ni mwizi, kwa sababu waliamini walichokiona. Akafungwa. Mke wake akarudi kwao na mtoto, na nyumba yake akapewa mtu mwingine.

Pete zikaanza kuanguka. Huyu jembeni, yule akioga. Ya Marwa sikuiona ikianguka, ila alikuwa amefunga kitambaa kidoleni akasema kisu kimemkata. Nani amwulize mchunaji juu ya kitambaa?

Ngozi ya Azimio ilirudishwa kwetu baada ya kesi, ikiwa na magamba ya chumvi na ukingo uliokatwa. Mzee Zakaria akaniambia niiwambe fremu ya mwisho. Niliiloweka, nikaiwamba vizuri. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Za jirani zake zilikauka upesi zikauzwa. Niliigonga ile kwa ukucha: du. Nikangoja. Nikaigeuza. Du. Zakaria akasema labda nimeiacha na mafuta, akaipara mwenyewe, na hakukuwa na mafuta. Mvua zikaja zikaondoka. Haikuoza, haikuingia wadudu, haikunuka. Ilikaa tu pale, laini. Ndiyo hiyo niliyowaambia haikupiga upepo ukivuma.

Mzee Zakaria alistaafu, akaniachia banda na neno moja juu ya fremu ile: "Usiiuze."

Marwa alipata mwana, kisha mwingine. Wa kwanza alikufa kwa homa. Watoto wa siku zile walikufa kwa homa, hatukusema kitu. Wa pili aliingia kisimani mchana, mama yake akiwa karibu kiasi cha kumsikia. Akabaki binti, Ghati. Marwa aliendelea kuchuna, na kitambaa kidoleni. Alikuwa akibadilisha kitambaa lakini si kidole, na mimi niliyelala na visu miaka yote hiyo nilijua hakuna jeraha linaloishi namna hiyo.

Petro alipotoka kifungoni alikuwa na mvi. Mwanawe alishakuwa mkubwa wa kuchunga, na hakutaka kumwona. Hakuna aliyempa hata kona ya shamba. Alikuja bandani kwangu akasimama mlangoni.

"Shikamoo," akaniambia, mtu wa rika langu. Gerezani alikuwa amezoea kumwamkia kila mtu.

Nilimpa kisu cha kupara nikamwonyesha fremu. Mwenyekiti alipolalamika nilimwambia kama ana mtu mwingine anayetaka kukwangua mafuta ya ng'ombe kwa jua amlete. Hakumleta. Basi Petro akawa anapara ngozi ambazo Marwa amechuna, wanapeana mkononi, na kote kijijini hakuna mtu aliyemsalimia Petro kwa heshima kama Marwa. Nilidhani ni wema.

Kitu kimoja tu kilimrudisha Petro kuwa mtu. Padre aliyekuwa anatuzungukia kwa pikipiki alimwamini, na akamwahidi kwamba sikukuu ile ya Pasaka angemrudishia ukatekista mbele ya watu wote. Petro alilihesabu hilo kuliko nyumba na shamba. Alikuwa akipara na kuimba kwa sauti ya chini, na kigugumizi hakionekani.

Kisha Ghati akaugua. Hakuwa na homa, hakuharisha, aliacha tu kula. Mama yake, Bhoke, alimleta bandani mgongoni kumtafuta baba yake, akanishikisha mkono wa mtoto. Kwenye kidole cha kati palikuwa na mfuo unaozunguka, kama uzi ulivyobana. Hapakuwa na uzi. Niliusugua na kidole changu, ukabaki.

Marwa aliutazama mkono ule. Akafungua kitambaa chake mbele yetu sote.

Vijana, mimi najua ngozi. Ikishakauka ikapasuka, hata uiloweke ziwa zima, hairudi kuwa ilivyotoka kwa mnyama. Pete ile nilikuwa nimeikata mwenyewe miaka mingi nyuma. Nikaishika. Ilikuwa na joto. Ilikuwa mbichi, na ilinuka kama machinjioni asubuhi.

"Petro," Marwa akasema, "ni mimi. Nilikuwa na deni la mahari. Nyama nilipeleka Sirari, nikaficha ngozi kanisani kwa sababu hapakuwa na kufuli. Sikujua watasema wewe. Kisha nikajua, nikaapa."

Petro hakuinua kichwa. Aliendelea kupara. Nilimwona mkono unakaza, kisu kikaingia kikatokeza upande wa pili, tundu kubwa, na lilikuwa la kwanza kwake. Akakaa chini palepale. Akalia kama mtu anayekohoa. Sikujua nifanye nini, nikachukua sindano nikaanza kumwonyesha namna ya kulishona lile tundu, mshono mfupi mfupi, chini ya nyama, na yeye akawa anashona na machozi yanaingia kwenye ngozi. Nilimkasirikia Marwa kiasi cha kutaka kumpiga na fremu.

Alipomaliza mshono alisema, "Nimekusamehe. Mpeleke mtoto nyumbani."

Ghati hakula siku hiyo wala iliyofuata. Marwa akaenda kwa Mzee Magige, mzee sana sasa, akaja naye bandani akimshikilia. Magige akaeleza bila kupamba. Kiapo hakifunguliwi kwa mdomo. Aliyeapiwa uongo avae naye pete ya ngozi ileile, washikane mikono, akipokee kiapo kitoke kwenye nyumba ya mwenzake. "Akiwa nayo kidoleni, kiapo kiko mkononi mwake," alisema. "Ikianguka, kimekwisha."

"Na kama hakijaisha?" Petro akauliza. Magige akaipapasa kwanza ngozi ya Azimio. "Huwa kinaisha," akasema.

Petro alimsubiri padre. Padre hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Ulikaa gerezani kwa kuikataa pete hiyo. Ukiivaa leo, watu watasema ulikataa kwa sababu gani? Siwezi kumrudishia ukatekista wala komunyo mtu mwenye kiapo cha mizimu kidoleni. Siku utakayoivua, njoo, mlango uko wazi."

Nilimwuliza Petro kama anaamini kwamba ngozi inaweza kula mtoto. Akasema haamini. Nikamwuliza basi anakwenda kufanya nini. Akasema, "Marwa anaamini. Bhoke anaamini. Na mtoto hali."

Niliikata pete asubuhi, jua limeshachomoza vizuri, banda limejaa watu. Kisu kiliingia kwenye ngozi ya Azimio kama kwenye mnyama aliyeanguka sasa hivi. Petro alinyoosha kidole. Magige akampa maneno ya kusema, na Petro akayaacha, akasema yake, bila kigugumizi: "Mtoto wa Marwa ni mtoto wangu. Kama kuna kinachomtafuta, kinitafute mimi." Wakashikana mikono.

Sitawaongezea chumvi. Pete ya Marwa ilianguka wakiwa bado wameshikana, nikaiokota, na ilikuwa ngumu, nyepesi, imejikunja kama jani la muhogo lililokauka. Ghati aliomba uji kabla ya adhuhuri. Jioni ile upepo ulipovuma nilisimama mlangoni nikasikiliza, na fremu ya mwisho ilikuwa inapiga pamoja na nyingine. Niliigonga kwa ukucha. Ta.

Marwa alisimama mkutanoni akasema kila kitu. Aliadhibiwa, kisha hakuweza kuishi pale akitazamana na watu, akaenda zake Matongo kwenye machimbo na huko akafia. Bhoke na Ghati walibaki. Watu walimwendea Petro mmoja mmoja kumwomba radhi, wakamrudishia shamba, na wengine walilia zaidi ya ilivyopasa. Mwanawe alikuja akamsalimia, akakaa siku kidogo akaondoka, lakini alikuja.

Kanisani tu ndiko hakurudi. Kila Jumapili alikaa nje, chini ya dirisha, akiimba na walio ndani. Ghati alimbebea kigoda tangu akiwa mdogo mpaka ana watoto wake, na walimwita Petro babu. Padre akimwuliza, "Bado unayo?" alinyoosha mkono akajibu, "Bado ninayo, Padre." Padre anatikisa kichwa anaingia ndani. Mapadre walibadilika, udongo ukawa matofali, na jibu likawa hilohilo. Mimi nilikwepa kukitazama kidole kile. Niliogopa kuigusa nikute ina joto.

Alikufa akiwa mzee, mchana, akiwa amelala kivulini. Padre aliyekuwepo wakati huo alikuwa kijana, akasema atamzika kwa ibada ila kwanza ile pete itolewe. Ghati akaniita mimi, kwa kuwa ni mimi niliyeikata. Nilikwenda na kisu changu kidogo.

Niliigonga kwa ukucha. Ta. Ilikuwa kavu, na pana, inazunguka kidoleni bila kazi. Nikaigeuza nitafute pa kukatia.

Ilikuwa imepasuka. Mpasuko wa zamani, kingo zake zimeng'aa kwa kusuguliwa. Ilipasuka kama zile za watu safi wote, bila shaka ndani ya zile wiki chache. Ilishamwachia. Na juu ya mpasuko palikuwa na uzi, umebadilishwa mara nyingi, wa mwisho ungali mweupe: mshono mfupi mfupi, unaopita chini, ule nilioufundisha siku ile alipokuwa analia.

Nikakaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Nilikumbuka alivyomwuliza Magige, "Na kama hakijaisha?" na mzee alivyoipapasa ngozi kabla ya kujibu. Miaka yote ile alikuwa anasema kweli, bado anayo. Hakusema tu kwamba anaishona.

"Babu Wambura, mbona hukati?" Ghati akaniuliza. Nikamshika mkono, kidole chake cha kati kikiwa laini kama cha mtu yeyote, nikamwekea juu ya uzi ule ausikie. Hakuhitaji maelezo. Alipiga magoti akaweka paji la uso kwenye mkono wa mzee, akakaa hivyo.

Nilimwita padre nikamwonyesha. Nikamweleza ni mshono gani na ni wa nini. Aliinama akaugusa ule uzi. Kisha akasema tumwache nayo, tumwingize ndani ya kanisa.

Kisu nikakirudisha kwenye ala. Basi mkija tena, vijana, acheni simu nyumbani, leteni sindano na kipande cha ngozi mbichi. Kuwamba mtajifunza kwa yeyote. Mshono huo nataka mjifunze kwangu.